Nusu ya Nguru

Baraza ya Mabrouk haina kibao wala haina jina la maana. Ni ukuta mfupi wa chokaa ulioegemea nyumba moja ya zamani huko Malindi, Unguja mjini, mwisho wa kichochoro kinachotokea baharini, na ukivuka njia tu unakuta gati dogo ambalo siku hizi wenyewe ni paka na vijana wanaopiga mbizi jua likipoa. Watu wa hapo ni wale wale kila siku. Yupo Mabrouk mwenyewe, mwenye dele la kahawa na jiko lake la mkaa, ambaye kahawa yake haionji kwa sababu ati inamwendesha moyo mbio. Yupo Ubwa, wanamwita Nahodha, alikuwa mpishi kwenye meli ya Pemba na usukani hajawahi kuugusa hata kwa kuufuta vumbi. Yupo Kheir Injinia, fundi wa feni na pasi, na kwake yeye kila balaa la dunia lina waya uliokatika mahali. Na yupo Simai, mstaafu wa bandarini, mtu mpole, kofia yake siku zote safi, na kisa hiki ni chake.

Siku hiyo Simai aliteremka na kichochoro kabla jua halijaanza kupoa, mkono mmoja kashika mshipi mpya uliokuwa bado na karatasi ya dukani, mkono wa pili kifuko kinachovuja maji.

— Asalaam alaykum.

— Wa alaykum salaam. Ebo! Simai, umeanza biashara ya kamba? akauliza Ubwa.

— Nifundisheni kuvua.

— Lini?

— Sasa hivi. Rahila akishasali alasiri anateremka kunitazama.

Injinia alikuwa kashapeleka kikombe mdomoni. Kahawa ikamtoka puani. Mabrouk akaliweka dele chini pole pole, maana alijua leo watu watakaa.

Sasa kuelewa kwa nini Injinia kapaliwa, inabidi turudi nyuma kidogo. Simai alipostaafu, nyumba ilimshinda. Alikuwa akizunguka jikoni kwa mkewe Bi Rahila, anafunika sufuria zilizo wazi na kufunua zilizofunikwa, anauliza chumvi inakaa wapi, mpaka siku moja mwanamke wa watu akamwambia kwa upole, "Baba Shemsa, mume wangu, tafuta cha kufanya. Nenda hata ukavue." Simai akatoka, na Mungu shahidi, alitoka na nia ya kweli. Lakini njia ya gatini inapita barazani. Akakaa kikombe kimoja. Mazungumzo ya mpira yakapamba moto, kikombe kimoja kikazaa vingine, mara magharibi hiyo. Akaona aibu kurudi mikono mitupu. Akapitia sokoni Darajani akanunua pono, akafika nyumbani akasema, "Nimevua."

Uso wa Rahila ukafunguka. Akamwekea chai, akakaa kitako mbele yake, akamwambia, "Haya, nipe habari. Alikuvutaje?" Na Simai, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kusimulia chochote, akasimulia. Kesho yake akavua changu. Kesho kutwa tasi. Uongo ukamnogea mpaka akaanza kupika na nazi: juma lililopita alikuta sokoni wanakata nguru mkubwa, akachukua nusu ya mkiani, akaenda kumwambia mkewe kwamba kamvua nguru mzima pale gatini, nguru kamvuta mpaka ndara moja imemtoka mguuni ikaanguka majini, na nusu ya kichwani kaitoa sadaka msikitini. Rahila akasema mashaallah, akachukua simu, akawatumia ndugu zake wote wa Mkokotoni sauti ya WhatsApp.

— Nguru! alisema Ubwa, maana baraza ilikuwa inaijua siri yote, machozi yanamtoka. Gatini! Na mshipi wa mkono! Yakhe, si bora ungesema umevua nyangumi, robo umewapa mayatima?

— Chekeni, akasema Simai. Chekeni, lakini hamjui. Kabla ya hapo nyumbani kwangu kulikuwa kimya. Tunakula, tunaangalia televisheni, tunalala. Sasa nkirudi ananisubiri mlangoni. Leo akija akaniona sijui hata ndoana inafungwa vipi, hadithi zimekwisha. Ntarudi kuwa kabati.

Wakaacha kucheka. Si kwa muda mrefu, lakini waliacha. Hata paka aliyekuwa anakinusa kile kifuko alisitishwa kwa teke la adabu.

— Haya, akasema Mabrouk. Kuvua si kazi. Wangapi wanavua?

— Kazi ni kufunga ndoana, akasema Injinia, na mshipi kashauchukua. Hapa watu ndipo wanapokosea. Wanafunga kama wanafunga mbuzi. Mie ntakufungia fundo la kifundi, hili linashika feni ya dari, itashindwa samaki?

Akafunga. Ubwa akavuta kidogo tu kwa vidole viwili, fundo likafunguka lote.

— Feni zako ndo zinavyoanguka hivi? Lete hapa. Hili ni fundo la melini.

Akafunga yeye. Lilikuwa fundo kubwa hasa, ukubwa wa kitumbua, na ndoana yenyewe ikapotelea ndani yake. Wakatafuta ilipo. Mwishowe Simai akaifunga kwa fundo analofungia msuli wake kiunoni, likashika, wala hakuna aliyempongeza.

— Sasa uzito, akasema Injinia. Mshipi bila uzito unaelea. Dukani wamekupa risasi?

— Wamenipa.

— Itupe. Risasi inatia sumu. Weka hii.

Akatoa mfukoni nati nzito ya chuma, imetoka kwenye pampu ya maji ya mtu ambaye bila ya shaka alikuwa bado anaitafuta.

— Chuma kinavuta samaki, akaeleza. Samaki kichwani ana sumaku. Ndo maana hapotei baharini. Mie nliiona hii kwenye simu. Kwa hivyo ukishateremsha mshipi, weye unasimama unaangalia kaskazini. Ukiangalia kusini unamkoroga akili, anakwenda Dar es Salaam.

— Kaskazini ni ipi? akauliza Simai.

Injinia akanyoosha mkono upande mmoja na Ubwa upande wa pili, na kila mmoja akamtazama mwenziwe kwa huruma.

— Achana na sumaku, akasema Ubwa. Siri ni mdomo. Samaki wa hapa anasikia kila kitu, na Kiswahili kashakijua, kazaliwa hapa. Akisikia "tupa mshipi" kashakimbia. Ukifika gatini zungumza Kitaliana.

— Kitaliana?

— Samaki hamwogopi Mtaliana. Mtaliana anapiga picha, anapiga mbizi, anakwenda zake. Sie melini tulikuwa na baharia mmoja, akivua anawaamkia bonjorno, bonjorno, ndoo inajaa.

— Ubwa, meli yenu ilikuwa inakwenda Pemba.

— Na samaki wa Pemba hawana masikio?

Simai alikuwa anasikiliza yote kwa makini, midomo inajaribu chini kwa chini: bonjorno. Akajaribu kutupa mshipi pale pale barazani, apate japo mkono wa kutupia, nati ikapita karibu na sikio la Injinia, ndoana ikamnasa Ubwa kofia, kofia ikaruka mpaka katikati ya njia. Mwendesha baiskeli mmoja akaikwepa, akageuka nyuma kutazama wazee wazima wanafanya nini.

— Hongera, akasema Mabrouk. Kofia ushaivua. Umenunua chambo gani?

Simai akafungua kile kifuko. Ndani mlikuwa na ngisi, wabichi, weupe, muuzaji kamwambia awakate vipande vidogo.

Mabrouk akatikisa kichwa kama daktari aliyecheleweshewa mgonjwa.

— Hawa ngisi wabichi unampelekea nani?

— Samaki.

— Samaki wa wapi? Samaki wa Uroa huko sawa, ni wa shamba, anakula kibichi. Huyu wa hapa ni wa mjini, Simai! Huyu kakulia Forodhani. Kila usiku anatupiwa chipsi, mishikaki, mkate wa kumimina. Ukimshushia ngisi mbichi atakutazama tu, ataona unamdharau.

Huwa inatokea barazani mtu akasema jambo la kipumbavu kwa utulivu mkubwa mpaka wote wakaliona lina akili. Injinia akasema hilo kweli. Ubwa akasema hata yeye alikuwa anataka kulisema. Mabrouk akaliondoa dele jikoni, akapepea mkaa, akawapanga ngisi juu ya wavu wa chuma. Akaagiza ndimu kwa jirani. Akanyunyizia chumvi na pilipili kidogo, isizidi, maana samaki wana tumbo.

Harufu ikapanda kichochoro kizima. Paka wakaja mpaka wa mtaa wa pili.

— Chumvi imekolea? akauliza Simai kwa wasiwasi. Isije ikawa chapwa, akatema.

— Hebu, akasema Ubwa, akachukua kipande. Akatafuna, macho juu. Bado kidogo ndimu.

Wakatia ndimu. Injinia naye akaonja, kuhakikisha. Mabrouk akaonja kwa sababu mpishi hana budi. Ubwa akasema hapa katikati hakukuiva, akachukua cha katikati. Kahawa ikamiminwa, maana pilipili ilikuwa kali. Na mazungumzo yakaingia kwenye mwezi: Injinia anasema mwezi mchanga samaki wanafunga, Ubwa anasema samaki hawafungi, wanaogopa tu giza. Simai mwenyewe, roho juu, mkono ukawa unakwenda kwenye sahani bila ya yeye kujua.

— Hodi barazani. Asalaam alaykum.

Alikuwa Bi Rahila, buibui jeusi, kikapu cha ukili mkononi. Wanaume wakakaa sawa kama wanafunzi wa skuli mwalimu anapoingia.

— Wa alaykum salaam. Karibu, Bi Rahila.

— Shikamoo, Mzee Mabrouk.

— Marahaba, mwanangu. Mumeo ndo anaelekea kazini.

Simai akainuka. Akauchukua mshipi kwa heshima zote, akavuka njia, mkewe nyuma yake na baraza nzima nyuma ya mkewe. Akasimama ukingoni mwa gati. Akageukia kule alikodhani ni kaskazini. Akasema taratibu, bonjorno. Kisha akautupa mshipi, na safari hii nati ikaenda vizuri, mbali, ikazama. Kifua kikamjaa. Akamtazama mkewe kwa pembe ya jicho.

— Baba Shemsa, akaita Rahila.

— Naam.

— Chambo kiko wapi?

Simai akautazama mshipi. Akawatazama wenzake. Ubwa akamtazama Injinia, Injinia akamtazama Mabrouk, Mabrouk akageuka kule barazani ambako sahani ilikuwa imebaki na ganda la ndimu, na paka mmoja alikuwa analifikiria.

— Kishaliwa, akasema Mabrouk, maana ni mtu asiyeweza kusema uongo mbele ya mwanamke aliyemwamkia.

— Na samaki?

— Na sisi.

Simai akauvuta ule mshipi mtupu, akaukunja vibaya vibaya.

— Rahila, mie... wale samaki wote...

— Najua.

— Unajua nini?

— Baba Shemsa, samaki gani anatoka baharini keshaparwa?

Kwa maisha yake yote Simai samaki alikuwa akimchukua sokoni, na sokoni wapo watu wanaompara, wanamtoa na matumbo, wanakukabidhi safi. Haikumpitikia hata siku moja kwamba baharini hakuna watu hao. Nyuma yake Ubwa akajipiga paji la uso, maana kisa hiki kakisikia kila siku, na hata yeye mtu wa melini hakulifikiria.

— Tokea lini unajua?

— Tokea yule pono wa mwanzo. Hana gamba hata moja! Mie nimezaliwa Mkokotoni, Baba Shemsa, sikuzaliwa dukani.

— Mbona ukanyamaza?

Rahila akakaa kitako ukingoni mwa gati, kikapu mapajani, miguu ikining'inia juu ya maji. Akacheka kidogo peke yake.

— Ulipostaafu ulikuwa unaingia nyumbani kama umetoka mazishini. Siku ya pono uliingia unacheka. Ile ya nguru alivyokuvuta mpaka ndara ikaanguka, nlijifungia jikoni nkacheka mpaka nkalia. Hata ndugu zangu huko wanauliza kila siku, shemeji leo kavua nini? Wote wanajua. Sikutaka iishe.

— Na leo ndo umekuja iishe?

— Leo nimechoka kusikiliza. Nimekuja kuvua.

Akafunua kikapu. Akatoa kibao cha mbao kilichozungushiwa mshipi wa zamani, kimeng'aa kwa mikono ya watu, mshipi wa marehemu baba yake. Akatoa na kibakuli cha kamba wadogo wabichi. Alivyofunga ndoana hakuna aliyeona; vidole vilizunguka mara, kwisha.

— Nlikuwa navua na baba kila baada ya skuli, akasema. Tokea nimeolewa mjini sijashika. Akainua macho kwa mumewe, hana hasira, anauliza tu. Miaka yote ile kazi yako ilikuwa bandarini, nami nikawa nyumbani kule juu nasikia honi za meli. Siku moja hukuniambia, Rahila, njoo twende tukatazame maji. Kwa nini?

Simai akatafuta jibu. Lilikuwa swali dogo, na alitamani kulijibu vizuri kuliko swali lolote alilowahi kuulizwa. Akageuka kuomba msaada. Ubwa Nahodha, ambaye hata kwa nini kuku hana meno anajua, alikuwa anaangalia kucha zake. Injinia hakuuona waya uliokatika. Mabrouk akaliinua dele, akalitikisa, akaliinamisha, halikutoa hata tone.

— Kahawa imekwisha, akasema kwa sauti ndogo.

— Sijui, akasema Simai. Wallahi, Rahila, sijui. Sikufikiri tu.

— Haya. Basi kaa hapa.

Akakaa. Rahila akaitoa ile nati, akamwekea risasi kutoka kikapuni, akachomeka kamba mmoja mbichi kwenye ndoana.

— Usiutupe. Uteremshe hapa hapa, karibu na nguzo. Samaki yuko chini ya miguu yako, weye unamtafutia Bagamoyo. Maji yanajaa, anakuja mwenyewe. Uweke mshipi juu ya kidole. Akidona, nyamaza. Akidona tena, nyamaza. Akivuta, na weye vuta.

Baraza yote ikanyamaza pamoja naye, na nakuapia Malindi haijawahi kusikia kimya cha watu wale. Simai akahisi kitu kwenye kidole, kidogo, kama mtoto anakugusa bega anataka kitu. Akamtazama mkewe. Rahila akatikisa kichwa: bado. Kikaguswa tena. Bado. Halafu mshipi ukakimbia.

— Ananivuta! Rahila! Ananivuta wallahi!

Akainuka, akateleza, mguu mmoja ukapiga hewa, ndara ya kulia ikaruka ikaanguka majini pwaa, na yeye hana habari nayo, anavuta, anapiga kelele kwa Kiswahili chake chote. Ubwa anapayuka bonjorno, Injinia anapayuka kaskazini, Mabrouk kamshika Simai shati kwa nyuma asije akaifuata ndara. Akapanda changu. Hakuwa mkubwa, kiganja na kidogo. Lakini alikuwa anaruka, anang'aa, anapigapiga mkia juu ya zege, na Simai akamwangukia kwa mikono miwili, anacheka na kulia.

Rahila akamchukua. Akampitishia kidole gumba ubavuni, kutoka mkiani kwenda kichwani, magamba yakakwaruza.

— Huyu ana magamba yake, akasema.

— Nusu sadaka, kama kawaida? akauliza Ubwa.

— Huyu hakatwi, akajibu Simai. Huyu anakwenda nyumbani mzima. Na kesho tunarudi sote wawili, Rahila, nimeshasema mbele ya watu.

— Nimesikia, akasema Rahila. Lakini leo kumpara utampara mwenyewe.

Akatoa kisu kikapuni akamkabidhi. Simai akasimama pale na ndara moja, changu mkono huu, kisu mkono ule, furaha imemjaa mpaka masikioni. Akamgeuza samaki upande huu. Akamgeuza upande wa pili.

— Sasa, akauliza, anaparwa kuanzia wapi?

— Kichwani, akasema Ubwa.

— Mkiani, akasema Injinia. Ila kwanza umuangalize kaskazini.

— Ngojeni, akasema Mabrouk, anavuka njia mbio kurudi jikoni kwake. Ngojeni niteleke kahawa nyengine.